Sanamu Langu Halikumkosea Bi Mauza

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam,
16 Juni 1934.

Kwa Mheshimiwa Ami yangu, Azzan bin Khelef, Bagamoyo.

Shauri: Kuomba sanamu la shambani liondolewe lawama, na mke wangu arudi nyumbani.

Shikamoo Ami. Najua karatasi haina mikono ya kumshika mtu miguu, lakini naiweka shikamoo yangu hapa juu kabisa, kwa wino, pamoja na tarehe, ili siku yoyote mtu akikwambia kwamba Bushiri bin Ramadhan hajui kuamkia wakubwa, umfungulie barua hii umwonyeshe kwa kidole.

Sisi huku hatujambo. Nikisema sisi nina maana ya mimi, jogoo mmoja, mitetea saba na vifaranga wanne wekundu. Mwanao Saadiya, ambaye wewe mwenyewe ndiye uliyeniozesha miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa baba yake, marehemu ndugu yako, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hayupo. Yuko kwa mama yake, Bi Mauza, kule karibu na Mnazi Mmoja. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Nimesikia utakuja mjini kwa Maulidi, na kwamba mwalimu wetu wa chuoni amekuachia wewe shauri hili ulikate. Upande wa pili wana watu wengi na wana maneno, na hapana shaka watakupokea kwa kahawa na halua kabla hujavua viatu. Kwa hiyo nimeona heri nikuwahi kwa barua. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa nambari, kwani shauri lina mkia mrefu: limeanzia angani, likashuka uani kwangu, likaenda mpaka shambani, likamwangukia mkwe wangu. Mwenye makosa, kama utakavyoona mwenyewe, ni mwewe.

Lalamiko la kwanza: mwewe.

Kazi yangu unaijua Ami. Nanunua kuku kwa watu wa Pugu na Kisarawe, nawauza sokoni Kariakoo wakiwa hai, kwenye matenga. Wale wasiopata mnunuzi, na wale ambao Saadiya amewaonea huruma, hukaa uani kwetu. Hawa wa huruma ndio wengi. Mwezi wa Februari mtetea mmoja aliangua vifaranga kumi na wanne, na sisi tulipokuwa tukiwahesabu kwa furaha, mwewe alikuwa juu ya mnazi wa jirani akihesabu pamoja nasi.

Alianza kuchukua mmoja kila asubuhi. Hakuwa na pupa wala vurugu. Alikuja kwa wakati wake kama mtu anayekwenda kuchukua mkate wake kwa mwoka mikate. Siku ya kumi na moja Saadiya alikoroga rangi nyekundu, ile ya kutia ukili wa mikeka, akawachovya vifaranga wote mmoja mmoja mpaka kichwani, kwa hoja kwamba mwewe hajapata kuona kifaranga mwekundu wala hajui ni kitu gani. Na kweli hakujua. Alizunguka juu yetu, akatazama, akazunguka tena, akaenda zake upande wa Mchikichini. Tulicheka sana siku ile. Tulicheka mpaka mama yao alipotoka tunduni akawaona, na yeye pia hakujua ni kitu gani. Aliwadonoa, akawafukuza ua mzima kama watoto wa kambo. Basi tangu hapo vifaranga wakahamia chumbani kwetu ndani ya kikapu, na mimi, mtu mzima mwenye kazi sokoni, nikawa baba yao.

Lalamiko la pili: kunguru, na ulimi wa kuku wangu.

Sijapata kuona kiumbe anayemwita mwizi kwa sauti kubwa kama mtetea. Akishataga tu, badala ya kushukuru kimya kimya, anatoka nje na kuutangazia mtaa mzima. Sasa kunguru wameshajifunza. Mtetea akisema neno la kwanza, kunguru yuko paani. Akisema la pili, yuko tunduni. Mimi nikifika nakuta ganda. Saadiya ndiye aliyekuwa na dawa yake. Akisikia mtetea ameanza, naye alikimbilia pembe ya pili ya ua akatetea vile vile, tena kwa madaha kuliko kuku mwenyewe, mpaka kunguru akababaika asijue yai liko upande gani. Kwa njia hiyo tulikuwa tukiokoa mayai matatu katika manne.

Tangu aondoke hakuna yai linalookoka. Juzi nilijaribu mimi. Nilisimama pembeni nikatetea kwa nguvu zangu zote. Kunguru alinitazama, akala yai, akanitazama tena. Sitara, mpangaji wa chumba cha nyuma, alikuja na maji ya limau akaniuliza naumwa wapi.

Lalamiko la tatu ni fupi: kuku wanakula.

Pumba na chenga za sokoni zinagombewa, na kuku wa huruma hawajui kufunga. Ndipo rafiki yangu Tarsis, mpagazi wa stesheni, aliponiazima kipande cha ardhi karibu na chake katika bonde la Msimbazi, nikapanda mpunga. Mchele uwe wetu, chenga na pumba ziwe zao. Hesabu ilikuwa nzuri sana mpaka masuke yalipoanza kujaa maziwa.

Lalamiko la nne: chiriku na mnana.

Nakuomba Ami uitazame hali yangu. Nyumbani nina ndege ninaowabembeleza wale, nao wanachagua. Shambani nina ndege ninaowaomba wasile, nao hawachagui. Wanakuja alfajiri na wanakuja alasiri, yaani saa zile zile ambazo muuza kuku anapaswa kuwa sokoni. Adhuhuri, ninapopata nafasi ya kukimbia mpaka bondeni, wao wamelala kwenye matete na shamba limetulia kama msikiti. Nilitundika madebe, wakazoea madebe. Nilifunga kamba kutoka dungu la kufukuzia ndege mpaka kila pembe, nikaning'iniza matambara. Mnana mmoja akaanza kujenga kiota kwa tambara langu. Tena hawajui Ijumaa wala siku ya Idi.

Na mimi sikuweza kumpeleka Saadiya kuamia ndege shambani. Siku ya posa nilimwahidi Bi Mauza, nawe ulikuwapo ukisikia, kwamba mwanawe hatapanda dungu kupigia ndege kelele. Ahadi hiyo nimeishika. Nilipopata shamba, Bi Mauza aliniuliza nani ataamia. Nikamwambia nimeshaweka mtu. Na hilo nalo lilikuwa kweli, isipokuwa mtu mwenyewe alikuwa wa miti.

Lalamiko la tano: sanamu.

Hapa, Ami, nakubali kosa moja, nalo ni kosa la ufundi. Lilifanana nami mno. Mwili ni miti miwili ya mkoko, kichwa ni kibuyu. Kanzu ni yangu ya zamani, koti ni langu la mnadani lililotoboka viwiko, kofia ni ile ambayo Saadiya alinishonea mwaka wa kwanza ikafifia. Macho aliyachora Saadiya mwenyewe kwa wanja, na kwa kuwa ananijua, aliyachora yakiwa na usingizi kidogo. Ukilitazama kwa mbali ungeapa ni mimi nimesimama nikifikiri jambo.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Tarsis aliliamkia asubuhi mbili mfululizo akitoka zamu ya usiku, na ya tatu alinifuata sokoni akiwa amenuna, akataka kujua amenikosea nini. Mtu mmoja mgeni alisimama mbele yake akaliuliza njia ya Magomeni, na kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kuelekea mtoni, aliufuata akaingia matopeni mpaka magotini. Huyo alirudi kulitukana. Mwalimu wetu wa chuoni alipopata habari alisema kitu chenye macho kimeshakuwa sanamu kamili na hakifai kwa Mwislamu, kwa hiyo niyafute. Niliyafuta siku hiyo hiyo kwa kitambaa cha maji. Nakuomba uikumbuke hii kwa sababu ina kazi mbele.

Lalamiko la sita, nalo ndilo hasa: Bi Mauza.

Jumatatu ya tarehe ishirini na nane mwezi uliopita, Bi Mauza alikuwa akienda Magomeni kuhani msiba. Akakata njia kupitia bondeni. Akafika penye shamba langu akaona mtu amesimama katikati ya mpunga, kanzu ya Bushiri, koti la Bushiri, kofia ya Bushiri. Akasimama kwenye tuta akingoja kuamkiwa, kama ilivyo haki yake. Hakuamkiwa. Akakohoa. Hakuamkiwa. Mwishowe yeye mwenyewe, mama mtu mzima, akajishusha akaanza: "Hujambo, baba?" Kimya. Akaondoka.

Alipofika nyumbani Saadiya alikuwapo, amekwenda kumsaidia kutwanga. Alimwona mama yake macho mekundu, akamuuliza, na Bi Mauza alisema maneno haya, hakuongeza hata moja: "Nimemsalimu mumeo, hakuniitikia." Jioni Saadiya akaja kwangu na shauri lake: niende Mnazi Mmoja, nimwamkie mama yake, nimwombe radhi, yaishe. Mimi nikasema sikuwa mimi, lilikuwa sanamu. Akasema kama lilikuwa sanamu basi niende tu nikamwambie hivyo kwa adabu. Nikasema likaombe radhi sanamu. Ami, nililisema neno hilo kwa mzaha. Alikusanya nguo zake kimya kimya, akawapa vifaranga maji, akaenda.

Sasa hoja zangu kwa nini sanamu halina hatia ni hizi. Halina ulimi. Mikono yake imefungwa kwa kamba ya mnazi kwenye mti, kwa hiyo haliwezi kumpokea mtu mkono wala kuubusu. Na kubwa zaidi, ni kipofu, tena limepofushwa kwa amri ya mwalimu, ambaye hakuna anayemlaumu. Kipofu haulizwi kwa nini hakumwona mkwe. Kama kuna mtu wa kuombwa maelezo basi ni mwalimu, na yeye akisema alitoa amri hiyo kwa sababu lilikuwa linafanana na mtu mno, tumuulize aliyelifanya lifanane, naye ni Saadiya, aliyechora. Na Saadiya asingechora kama si ndege, na ndege nisingewajua kama si pumba, na pumba zisingehitajika kama si kuku kuwa wengi, na kuku hawangekuwa wengi kama mwewe angeachwa awapunguze kwa utaratibu wake. Kwa hiyo tulipomzuia mwewe ndipo tulipoharibu. Lakini yeye ndiye aliyeanza, na mpaka leo hajaitwa na mtu yeyote kueleza.

Lalamiko la saba: jinsi nilivyosikilizwa kwa mwalimu.

Mwalimu alituita barazani kwake, Mnazi Mmoja, baada ya siku nane. Mimi, ili nisionekane mtu wa maneno matupu, nilikwenda bondeni nikaling'oa sanamu, nikalibeba begani kama ushahidi. Toka Msimbazi mpaka Mnazi Mmoja ni mwendo, Ami, na ukiwa umebeba mtu asiye na macho mwendo unazidi. Watu sokoni waliacha biashara zao wakanifuata. Wengine waliuliza maziko ni saa ngapi. Muuza kahawa alinipa pole mbili, moja yangu, moja ya ndugu yangu.

Nikaliegemeza sanamu ukutani kwa mwalimu, nikazungumza kwa muda mrefu, na kwa ufasaha, hilo hata wapinzani wangu watakwambia. Mwalimu akamgeukia Bi Mauza akamuuliza ana hakika aliyemsalimu alikuwa mtu. Akajibu: "Mwalimu, mkwe wangu namjua." Akaulizwa ana ushahidi mwingine wowote. Akalitazama sanamu. Kofia ilikuwa imeliangukia usoni njiani. Aliinuka taratibu, akaiweka sawa, akarudi kukaa.

"Sina," akasema.

Basi. Mimi nina hoja tatu na sanamu zima. Yeye hana kitu, na bado watu wote walitoka pale wakinitazama mimi vibaya. Mwalimu akasema jambo hili ni la wenye ukoo, tumsubiri Ami yao. Ndiyo maana nakuandikia.

Lalamiko la nane: nyumba yangu.

Hili sikutaka kuliandika, lakini nambari nane imeshaandikwa. Kuku hawaingii tunduni kwa sauti yangu. Saadiya alikuwa akisema tu "haya wanangu," wakapanga mstari. Mimi nawafukuza ua mzima mpaka maghribi inanipita. Vifaranga wanne waliobaki wameanza kufifia wekundu, rangi iko juu ya kabati nami sijui inakorogwa na maji kiasi gani. Sokoni watu wamenipa jina, wananiita Bwana Sanamu, na wateja wananisalimu kisha wanakaa kungoja kuona kama nitaitikia. Nalala upande wangu wa kitanda, kwa kuwa ule wa pili si wangu. Nimemkumbuka, Ami. Nimemkumbuka hata alivyokuwa akitetea.

Kwa sababu hizo naomba uamue kama ifuatavyo:

Kwanza, itangazwe kwamba sanamu halina shikamoo, halidaiwi shikamoo, na halirithi deni la shikamoo la mtu liliyemvalia nguo.

Pili, kuanzia sasa kila mkwe anayepita kando ya shamba amtupie anayemwona udongo kidogo kabla ya kumsalimu. Akiruka ni mtu.

Tatu, ikiwa Bi Mauza hataridhika, niko tayari kulileta sanamu nyumbani kwake, lipigwe magoti, nami nitasimama nyuma yake nilisemee.

Nne, Saadiya arudi kabla mpunga haujavunwa. Nikikosa hayo matatu ya juu, hili la nne peke yake litatosha. Tena kama ni hesabu ya nafasi kwenye karatasi, unaweza kuyafuta matatu ya juu.

Nisalimie Bi Hind mkeo na watoto wote wa dukani na nyumbani. Msalimie mwenye mashua aliyetuletea papa mwaka jana. Wape salamu wazee wote wa baraza lako mmoja mmoja, na usimruke yeyote, maana sasa nimejua salamu moja ikikosekana inafika wapi. Jogoo naye hajambo.

Mimi, mwanao mtiifu, muuza kuku asiye na mke wala yai,

Bushiri bin Ramadhan

Tanbihi.

Ami, nimeisoma barua hii upya kabla ya kuitia gundi. Ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba si kweli, na karatasi nyingine sina, kwa hiyo naandika hapa pembezoni.

Siku ile sanamu lilikuwa nyumbani. Ndege walikuwa wameshalizoea. Chiriku walikuwa wakila masuke wakapumzika begani kwake. Nikafikiri, kumbe dawa ni sanamu linaloruka. Nikavaa nguo zake mimi, kofia nikaishusha mpaka puani, nikanyoosha mikono katikati ya mpunga, nikangoja wajae ndipo niwarukie. Walikuwa wameanza kujaa nilipomwona Bi Mauza anakuja juu ya tuta.

Hakuwa anakwenda Magomeni. Hakuna njia ya Magomeni inayopita katikati ya mpunga wangu. Hilo la msiba nililizua mimi ili hadithi isimame. Alikuwa anakuja kwangu. Na mimi niliona haya. Nilikuwa nimemwambia nimeweka mtu wa kuamia, naye angenikuta mkwewe, mume wa mwanawe, na koti limetoboka viwiko, nimejitundika kama kitisho cha ndege. Nikasema moyoni, nikikaa kimya kidogo atapita. Alipokohoa nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeshachelewa kwa kikohozi kimoja. Alipojishusha akanisalimu yeye, nilikuwa nimechelewa zaidi. Kila nilivyonyamaza ndivyo ilivyokuwa vigumu kuacha kunyamaza.

Kisha akainama, akatua kikapu, akatoa bakuli lililofunikwa kawa, akaliweka juu ya tuta mahali pakavu. Akasema, na alikuwa ananitazama mimi, si kibuyu, "Kula, baba, kabla hakijapoa." Akaenda.

Ulikuwa wali wa nazi na kuku. Saadiya alikuwa amemwambia natoka nyumbani kila siku bila kula. Kuku mwenyewe alikuwa yule mtetea wake mweusi, namjua kwa paja, nilimuuzia mimi. Ami, nauza kuku kila siku ya Mungu, na nilikuwa sijaonja kuku tangu siku ya arusi yangu. Nilikaa chini kwenye tope nikala wote, na ndege wakala mpunga, tukala pamoja. Sanamu halili. Bi Mauza angesema neno moja tu juu ya bakuli hilo barazani, hoja zangu tatu zingekwisha pale pale mbele ya watu. Mwalimu alimuuliza mara mbili kama ana ushahidi. Na yeye akaliwekea sawa kofia sanamu langu, akasema sina.

Bakuli liko hapa mbele yangu, limeshaoshwa sijui mara ngapi. Bakuli la watu halirudishwi tupu, na siku kumi na tisa nimekuwa nikijiuliza nitie nini ndani, nikakosa kitu kinachotosha. Leo nimeacha kutafuta. Nalipeleka na mayai mawili niliyowawahi kunguru asubuhi hii baada ya kutia sahihi, ndiyo niliyonayo.

Usihangaike kukata shauri, Ami. Wewe njoo tu kwa Maulidi. Mimi naondoka sasa hivi kwenda kumwamkia Bi Mauza mlangoni kwake. Asiponiitikia atakuwa na haki yake, nami nitasimama pale pale mpaka aitikie. Kusimama najua.